Walaji wa Uani

Anayepita Kibokoni au Ndia Kuu huona milango ya nakshi, roshani na kuta nene zilizobanana, akadhani nyuma yake hamna hata jani. Lakini nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa zilikuwa na ua, na ua haukuwa mahali pa kufulia tu. Wetu ulikuwa mdogo. Vikitandikwa vitanda viwili vya kamba, mwenye kutaka kwenda kisimani sharti apite ubavu. Hata hivyo ulibeba mpera, mkomamanga, mpapai, mstafeli ulioegemea ukuta wa jirani, na mbirimbi kando ya kisima. Chini ya miti, kwenye mikebe ya Kimbo na madebe yaliyotoboka, Bibi alikuwa na pilipili, mchicha, bamia, nanaa na mrihani. Asumini alikaa peke yake juu roshanini, kwa kuwa yeye alikuwa wa nywele na kitanda, si wa chungu.

Nimekulia katika ua huo tangu miaka ya 60, na nikiyapanga sasa yaliyopita naona jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelisema: hatukupanda tulichotaka. Tulipanda tulichoachiwa. Kila mti ulioondoka, na kila mboga iliyoingia mahali pake, nyuma yake palikuwa na mlaji. Bibi alidhani bustani ni yake, na sisi tukadhani hivyo hivyo.

Na haikuwa bustani ya bure. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe, na Mji wa Kale umeukalia mwamba wenyewe. Ukichimba kidogo tu, jembe linalia. Udongo wetu ulikuwa wa kuletwa. Ami yangu mkubwa alikuwa na kishamba Kisauni, kama walivyokuwa nacho Wamvita wengi wa zama zake, nyumba kisiwani na shamba ng'ambo. Udongo ulitoka huko kwa magunia, ukavuka daraja la Nyali, lile la zamani la kuelea lililowekwa 1931, ambalo lilipanda na kushuka pamoja na maji mpaka hili la saruji lilipofunguliwa 1980. Kutoka hapo mkokoteni ukauleta Kibokoni, ukamwagwa uani na kuchanganywa na majivu ya jikoni na samadi ya mbuzi. Bibi aliyahesabu magunia ya udongo kwa makini kuliko ya mchele. Hamali akidai ameleta yote, yeye huyagusa moja moja.

Maji nayo yalikuwa na cheo chake. Kisima chetu kilikuwa na chumvi, na chumvi ilizidi wakati wa kaskazi, jua linapokausha kila kitu. Mkomamanga uliyavumilia maji hayo, mbirimbi pia. Mpapai haukuyataka hata kidogo. Majani yake yaliungua kingoni. Kwa hiyo mpapai ulinyweshwa maji ya mfereji, yale ya chemchemi za Mzima yaliyoletwa kisiwani kwa bomba kubwa mwaka 1957, na sisi watoto tukaonywa tusiyachezee maana mti ule ulikuwa ukinywa kwa pesa.

Juu ya gharama hiyo yote ndipo walipotua wageni.

Wa kwanza kuamka alikuwa shore. Alfajiri, watu wakitoka msikitini, yeye yuko juu ya mkomamanga anaimba na kishungi chake kimesimama. Mchana alishuka kwenye mikebe na kumeza pilipili nyekundu, moja baada ya nyingine, bila kutikisa kichwa. Tulidhani ana koo la shaba. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba ndege hausikii ukali wa pilipili kama tuusikiavyo sisi, na kwamba mbegu hupita tumboni mwake zikatoka nzima. Hapo nikaielewa ile mipilipili iliyokuwa ikiota yenyewe katika nyufa za kuta za mtaa wetu, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliofika. Shore naye alikuwa mkulima, ila hakununua udongo.

Baada ya shore walikuja kuzumburu, wenye mikia mirefu, wanaotembea kundi zima na kuning'inia kwenye vitawi kana kwamba wametundikwa. Hawa walipenda machipukizi. Bibi aliwachukia kuliko shore, kwa sababu shore hula kilichoiva na kuzumburu hula kitakachokuja. Usiku ulikuwa wa popo. Hatukuwaona sana, tuliwasikia: mbawa, tunda kudondoka, kisha kimya, kisha mbawa tena. Asubuhi mapera yalikuwa chini yametafunwa upande mmoja, na ukuta uliopakwa chokaa kwa ajili ya Idi ulikuwa na michirizi. Kanga iliyosahauliwa kwenye kamba ilipata madoa yasiyotoka. Mambo ya kanga hizo yalileta maneno makali zaidi kuliko yale ya mapera, nami sishangai. Pera huota tena.

Walaji hawa walikuwa na saa zao. Shore ana asubuhi na alasiri, kuzumburu hupita na kuondoka, popo ana usiku. Mtu aliweza kupanga kazi yake kati ya saa hizo. Ndiyo maana Bibi hakuwa na vita nao, alikuwa na mgao. Matunda ya juu kabisa ni ya ndege, ya kati ni ya watoto wapandao, ya chini ni ya mwenye nyumba asiyeweza kupanda. Siku moja alinikuta nimeinua kijiwe.

“Wamtupia nini?”

“Jiwe, Bibi. Yuwala pera.”

“Na wewe wala nini?”

Mkononi mwangu mlikuwa na pera.

Alikuwa amesomeshwa chuoni hadithi inayojulikana na kila mtoto wa Kiislamu, kwamba mwenye kupanda mti au mmea, akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Aliiamini kwa dhati. Lakini sadaka nayo ina mpaka, na mpaka wa Bibi ulikuwa komamanga. Makomamanga hayakuwa mengi, na kila moja lilikuwa na mgonjwa wake au mja mzito wake anayelitarajia. Yalipoanza kuonyesha wekundu aliyavika vifumbu vikuukuu, vile vya kuchujia tui, vilivyokwisha kutoboka na kulegea. Akalitia tunda ndani, akafunga mdomo wa kifumbu kwa uzi wa katani kwenye tawi. Hewa inapita, jua linapita, mdomo wa ndege haupiti. Wageni waliokuja kutuamkia walimuuliza kwa nini mti wake unavaa. Sijaona mpaka leo kitu cha dukani kilichoifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Papai lilikuwa na dawa nyingine. Halikungojwa liive mtini. Likionyesha mstari mmoja wa manjano tu, linakatwa na kwenda kuvumbikwa ndani ya kasha la mchele. Baada ya siku chache nyumba nzima inanukia. Mimi sikujua kwamba papai lililoivia mtini lina utamu tofauti mpaka nilipolila shamba kwa Ami, nikadhani ni mbegu nyingine.

Huko shamba mambo yalikuwa mazito. Kisiwani tulipoteza mapera. Kisauni watu walipoteza mihogo na mahindi, yaani chakula chenyewe. Usiku walikuja nguruwe wakachimbua mihogo safu nzima, mchana walikuja tumbili. Likizo za skuli tulipelekwa kuamia. Ami alikuwa amejenga dungu la miti juu ya mahindi, na sisi watoto tulikaa humo kwa zamu na kopo la kugonga, kombeo na muhogo wa kuchoma. Kazi ya kuamia inaonekana mchezo mpaka uifanye. Jua linachoma, usingizi unakuja, na tumbili anajua kuusubiri. Huweka mmoja wao mtini kama mlinzi, wengine wanashuka kimya, na kila mmoja huondoka na hindi mkononi na jingine kwapani.

Na tumbili hawamhofu mwanamke. Jambo hili wenye mashamba wote wa pwani watakuambia, na naona hata watafiti wa nyani na kima wameliandika kutoka sehemu nyingine za Afrika. Shangazi yangu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Walimtazama tu wakiendelea kutafuna. Akitokea Ami, hata akiwa mbali na hana kitu mkononi, wanakimbia. Shangazi hakuwa mtu wa kukubali dharau hiyo. Akavaa kanzu ya Ami, akatia kofia ya viua, akachukua bakora, akatoka kwa mwendo wa kiume. Mara ya kwanza tumbili walitawanyika wote mpaka mwisho wa shamba. Sisi tulioko dunguni tulicheka hadi tukakaribia kuanguka, na majirani waliokuwa wakipita wakamwamkia, “Sabalkheri, mzee.” Ilifaa kwa majuma kadhaa. Kisha bila shaka mmoja wao akamtazama vizuri usoni, na kanzu ikarudi kabatini.

Kisiwani hatukuwa na nguruwe wala tumbili wa kutusumbua uani. Tukajiona tuna bahati. Bahati hiyo iliisha kwa kunguru.

Kunguru wa wazee wetu alikuwa mkubwa, mweusi mwenye kifua cheupe. Huyu mwingine, mwembamba, mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni Bara Hindi. Waingereza walimleta Unguja katika miaka ya 1890 ili awasaidie kusafisha taka za mji. Labda waliona ni rahisi kumleta ndege kuliko kuajiri wafagiaji zaidi. Haukupita muda mrefu serikali iyo hiyo ikawa inatoa zawadi kwa atakayemuua. Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947, na inaaminika kwamba alisafiri na vyombo kama abiria mwingine yeyote, ila hakupita forodhani. Bibi alikumbuka wakati ambapo walikuwa wachache, watu wakionyeshana. Mimi nilipopata akili zangu walikwisha kuwa wengi; na nilipoolewa, walikuwa ndio ndege wa mji. Taka ziliongezeka, jaa la Kibarani likapanda mpaka likawa kilima kando ya barabara ya kuingia kisiwani, na kunguru wakawa na kichwa cha kufanya watakalo kwa kuwa tumbo limeshiba.

Nisiwaonee Wahindi na Waingereza peke yao. Yule konokono mkubwa aliyekuwa akitumaliza mchicha wakati wa masika, ambaye Bibi alimwokota usiku kwa taa ya chemni na kumtia ndani ya debe la maji ya chumvi, ni mzaliwa wa pwani hii yetu. Kutoka kwetu alifika visiwa vya Bahari ya Hindi, na mwaka 1847 Mwingereza mmoja mpenda konokono akamchukua kutoka Mauritius akamwacha bustanini Calcutta. Leo yuko karibu kila nchi ya joto, anakula mboga za watu. Sisi tuliwapa konokono, wao wakatupa kunguru. Sijui nani alipunjwa.

Tofauti ya kunguru na wale wa kwanza haikuwa wingi wa kula. Shore hula pera moja akalimaliza. Kunguru hudonoa kumi, mabichi kwa mabivu, anaonja na kuacha. Akiona kifumbu anakivuta kamba, na akishindwa leo atarudi kesho na mwenzake. Tena hana saa. Toka alfajiri mpaka magharibi yuko, na anakujua kwa sura. Ami yangu mdogo aliwahi kumpiga mmoja kwa panda, na tangu siku hiyo kila akitoka mlangoni alisindikizwa kwa kelele mpaka Bondeni, huku mimi na Mama tukipita bila kuguswa. “Yuwanijua yule,” alikuwa akisema, na akaanza kutoka kwa mlango wa nyuma.

Lakini hasara kubwa ilikuwa nyingine, na ilichukua miaka kuonekana. Kunguru alikula mayai na makinda. Shore aliyejenga ndani ya asumini roshanini alipoteza makinda yake mbele ya macho yetu, Mama akipunga ufagio na kunguru akisogea hatua mbili tu. Mwaka uliofuata hakujenga. Kuzumburu nao wakapungua, mnana hawakuonekana tena kwenye minazi ya jirani. Tulifurahi kwanza, machipukizi yalisalimika. Kisha viwavi wakaingia kwenye mchicha na bamia kwa wingi ambao hatukuwa tumeuzoea, majani yakawa matundu matupu. Mama, ambaye hakupenda kuzungumza mengi juu ya mimea, alisema maneno ambayo mpaka leo sijasikia mtaalamu akiyasema kwa ufupi huo: “Wa kuwala wameliwa.”

Vita vilivyofuata vilikuwa na vichekesho vyake. Palisimamishwa sanamu ya kutisha, imevishwa kanzu na kofia. Kunguru alikaa juu ya kofia. Ikaja zamu ya kanda za kaseti. Miaka ya 80 kila nyumba ya Mji wa Kale ilikuwa na kaseti za taarabu zilizokatika kwa kuchezwa mno, na kuna aliyesema kwamba ule utepe wa kahawia ukinyoshwa kati ya miti huvuma kwa upepo na kuwafukuza ndege. Basi mwimbaji Juma Bhalo akazungushwa mkomamanga mara kadhaa. Ulivuma kweli wakati wa kusi, ukatufukuza usingizi sisi. Kunguru walikaa kimya siku moja, wakisikiliza labda, kisha wakaendelea.

Kilichofaa kilikuwa kibaya kutazama. Kunguru mmoja alinaswa na nyaya za umeme akaanguka kichochoroni amekufa. Ami mdogo akamfunga miguu, akamtundika kwenye mpera, kichwa chini. Dakika chache baadaye, naona, kila kunguru wa Kibokoni alikuwa juu ya mapaa yetu. Kelele ile sijawahi kuisikia tena. Jirani alituma mtoto kuuliza kama pana msiba. Kisha wakaondoka wote, na ua ukawa mtulivu. Yalikuwa mapumziko matamu, lakini joto la Mombasa halimngoji mtu. Siku ya tatu harufu ilifika sebuleni na Mama akasema achague Ami, mapera au nyumba. Aliyetundikwa alipoondolewa, walio hai walirudi kabla ya adhuhuri.

Hapo ndipo tulipowaendea wavuvi. Bandari ya zamani iko hatua chache kutoka kwetu, na nyavu zilizochakaa hazikuwa na bei. Wa kwanza kuletwa ulikuwa jarife, macho yake mapana ya kunasia samaki wakubwa. Ndege alipitisha kichwa na shingo akala kwa starehe. Tukabadilisha, tukapata kipande cha juya, chenye macho madogo, tukakitandaza juu ya mkomamanga na kukifunga chini kwa mawe. Kilifaa. Ila kilinuka samaki, na harufu hiyo iliwaita paka wote wa mtaa, na Mji wa Kale hauna upungufu wa paka. Walikaa chini ya wavu usiku kucha wakingojea samaki asiyekuwapo. Panya, ambao nilikuwa bado sijawataja, na ambao walikuwa wakitoa mbegu za bamia ardhini kila tulipopanda, wakahama. Kwa hiyo wavu mmoja ulituondolea walaji wawili. Paka wakaleta hasara yao ndogo: walipenda kulala juu ya mchicha mchanga, na mahali palipolaliwa na paka hapaoti kitu.

Watu wengine walivika matunda mifuko ya plastiki. Mimi sikuipenda hata kidogo. Jua likipiga, tunda linatoka jasho ndani ya mfuko, likaoza kabla ya kuiva, na mfuko wenyewe ukipasuka unaishia baharini au tumboni mwa mbuzi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo mwezi Agosti 2017 nilisikia watu wakilalamika sokoni Marikiti watabebea nini vitu. Miti yangu haikulalamika.

Bibi hakuyaona haya ya mwisho. Baada yake nyumba ilijaa. Ndugu yangu alioa, akahitaji vyumba, na pa kuviweka palikuwa uani tu. Mpera ukakatwa, mstafeli ukakatwa, mpapai ulikuwa umekwisha kufa mwaka ambao mfereji ulikauka kwa majuma na maji yakanunuliwa kwa madumu. Sikugombana naye. Mpera ambao haukutupa pera zima kwa miaka mingi haukuwa na wa kuutetea. Mkomamanga uliachwa kidogo, ukakosa jua kati ya kuta mpya, ukaacha kuzaa. Mbirimbi ulibaki kwa sababu kisima kilibaki.

Tukapanda juu. Dari lilikuwa na tangi la maji na kamba za nguo, na jua la kutosha kukausha papa. Nilitaka kwanza kupanda ndani ya madebe bila kufunika, nione. Mnanaa ulidumu, kunguru hana haja nao. Miche ya nyanya iling'olewa mmoja mmoja na kulazwa pembeni kwa utaratibu, hata haikuliwa. Basi fundi akaja na fito na boriti chache, tukasimamisha kizimba, tukakivika juya juu na pande zote, na kukitilia mlango wa kuingia kwa kuinama. Ndani yake ndimo nilimolimia tangu hapo: mchicha, bamia, pilipili, dania, biringani mbili tatu, na nyanya zile ndogo zinazoiva upesi. Matunda makubwa hayamo. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba si mimi niliyeiandika. Ni mimea mifupi, inayovunwa mapema, inayoweza kukaa chini ya wavu, isiyo na kina cha mizizi. Kunguru, ndugu yangu na fundi wa fito ndio waliochagua.

Na hata wavu una wasioujali. Mwaka 2003 watafiti walimgundua hapa pwani nzi wa matunda mgeni, huyu naye wa kutoka Asia, mdogo, wa rangi ya asali. Hutaga mayai ndani ya tunda lingali mtini, na nje hubaki alama ndogo tu. Kisauni, Ami mkubwa alikuwa amekwisha kufariki, watoto wake walichuma embe zilizopendeza kwa macho, wakatuletea kapu zima, na kila tuliyoipasua ilikuwa inatembea. Wenye mashamba makubwa wamefundishwa kutundika mitego, kuokota matunda yote yaliyoanguka na kuyafukia mbali. Mwenye miti mitatu hufanya ya kuokota, akamwachia Mungu mengine. Mama alikuwa mzee sana wakati huo. Alikigeuza kipande cha embe kwenye sahani, akakitazama, akasema, “Kunguru nilimwona. Huyu simwoni.”

Mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kwa sumu kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka. Sumu yenyewe si ngeni. Iliwahi kutumiwa pwani miaka ya nyuma kabla ya kusitishwa. Inafanya kazi polepole, kunguru hula chambo akaruka, akafa saa nyingi baadaye mahali pengine, ili wenzake wasijue kilichomuua. Hilo la kutojua ndilo lililonigusa. Waliotengeneza mpango walikwisha kumjua kunguru vizuri, kama Ami mdogo na mlango wake wa nyuma. Barazani kwetu habari hiyo ilizungumzwa usiku mzima. Mmoja akauliza nani atawahesabu hadi milioni. Mwingine akasema wakimaliza kunguru na taka zikabaki, atakuja mwingine azile. Mimi nilikuwa upande wa huyu wa pili, na bado niko. Ndege aliletwa kwa sababu ya taka, akaongezeka kwa sababu ya taka, na lori la taka likikawia mtaani leo, najua kizimba changu kitazungukwa kesho.

Mkaza mwanangu anataka tupande mkomamanga darini, ndani ya pipa. Ameona kwenye simu yake watu wa Dubai wakifanya hivyo. Nimemwambia apande, udongo nitanunua mimi, lakini kwanza nimtafutie vifumbu. Vya siku hizi ni vya plastiki, vina matundu makubwa. Cha ukindu nimekipata kimoja tu, tena kwa mzee ambaye alitaka kujua mtu mmoja anachuja tui la nazi ngapi hata ahitaji vifumbu kumi.

Mbirimbi uko pale pale kisimani, umebanwa na kuta, na unazaa mpaka shinani. Kunguru hutua juu yake, akapumzika, akapanga mambo yake, tunda halidonoi. Popo wameupita miaka yote hii. Konokono hupanda na kushuka. Ukali wake haumfai yeyote isipokuwa watoto wa mtaa, ambao huja na chumvi na pilipili ya unga ndani ya kipande cha gazeti. Juzi nimewakuta watatu juu ya ukuta.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Nani aliyewapa ruhusa?”

“Twaonja tu, bibi.”

Nikawapa kikapu, nikawaambia wanichumie za juu nisizozifikia, maana nilikuwa na achari ya kutia, kisha watakazobakisha ni zao. Waliniletea kikapu nusu, wakaapa kwamba juu hakuna kitu.